Dozi ya Kifua Kikuu Isikatwe kwa Karafuu wala kwa Dago

Mambo mawili humtoa Mpemba nyumbani kwake akakaa mbali kwa wiki nyingi, nayo ni karafuu na dago. Msimu wa karafuu ukiingia, watu hufunga milango, wakachukua vikapu na vyungu, wakahamia katika kambi za mashambani mpaka mkarafuu wa mwisho uchumwe. Bahari ikitulia, wavuvi hupakia nyavu, unga na maji, wakaenda dago katika visiwa na pwani za mbali, na wengine hawaonekani tena kwao mpaka mwezi uandame mara mbili. Hizi ndizo kazi zinazotulisha, wala hapana mwenye akili timamu awezaye kumwambia mtu aziache. Lakini liko jambo la tatu ambalo watu wetu hawapendi kulitaja ila kwa kunong'ona, nalo ni kifua kikuu. Na mambo haya matatu yakikutana katika mwili wa mtu mmoja, hapo ndipo msiba unapoanza.

Twaandika haya tukiikusudia shehia ya Jadida, katika Wilaya ya Wete, si kwa sababu Jadida ina wagonjwa kushinda kwengine, bali kwa sababu ni shehia ya kawaida ya Pemba. Iko karibu na mji wa Wete, na Wete ina bandari yake na hospitali yake. Watu wa aina zote za kazi huishi pamoja hapo: mkulima, mvuvi, mchuuzi, mwalimu, mama anayelima mwani. Jina lenyewe Jadida ni neno la Kiarabu, maana yake kitu kipya. Maradhi tunayoyasema hayana upya wowote. Ni ya kale kuliko mji wowote wa pwani hii. Upya uko katika dawa, na dawa hiyo ndiyo tunayoiharibu kwa mikono yetu.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya maradhi yenyewe, kwani mengi yasemwayo barazani hayana msingi. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, daktari wa Kijerumani aitwaye Robert Koch aliwathibitishia wenziwe kwamba kifua kikuu huletwa na kijidudu. Hakiletwi na ukoo, wala baridi ya usiku, wala jicho la mtu, wala laana ya wazee. Kijidudu hicho hupanda hewani mgonjwa wa mapafu anapokohoa, anapopiga chafya, hata anapoimba au kusema kwa nguvu, kikaelea ndani ya chumba kisicho na upepo, na mwengine akakivuta. Yakisiwa kwamba robo nzima ya wanaadamu duniani wamekwisha kukivuta. Wengi wao hawataugua kamwe, kwani mwili hukifunga kijidudu kikalala. Katika kila watu 100 walio nacho, baina ya watano na 10 kitawaamkia siku moja maishani mwao. Na wanaohatarika zaidi ni wale ambao miili yao imedhoofika kwa njaa, kwa kisukari, kwa virusi vya UKIMWI, kwa sigara na ulevi, au kwa utoto na uzee. Mgonjwa wa mapafu asiyetibiwa aweza kuwaambukiza watu 10 hata 15 kwa mwaka mmoja, na yeye mwenyewe, akiachwa hivyo hivyo, nafasi yake ya kufa na ya kupona zakaribia kuwa sawa.

Dawa zake ni nne mwanzoni: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Mgonjwa huzimeza kila siku kwa miezi miwili, kisha huendelea na mbili za kwanza kwa miezi minne. Jumla ni miezi sita, kiasi cha siku 180, na dawa hizo hapa kwetu hutolewa bure. Watu wengi huuliza, mbona homa ya kawaida huponywa kwa siku tano, na hii itake nusu mwaka? Swali ni la haki na lastahili jibu. Kijidudu cha kifua kikuu ni kivivu. Hukua polepole mno, na baadhi yake hujilaza pasipo kufanya kazi yoyote. Dawa huua upesi kile kilicho macho, lakini kilicholala chahitaji kungojewa mpaka kigeuke. Kwa hiyo mgonjwa hupata nafuu mapema sana. Wiki chache tu zikipita, kikohozi hupungua, jasho la usiku hukatika, hamu ya chakula hurudi, na mwili huanza kujaa. Macho ya watu yamwona amepona. Naye mwenyewe ajiona amepona. Hapo ndipo mwenzake anapomgongea dirisha alfajiri na kumwambia kwamba chombo chaondoka.

Tutamlaumu vipi mtu huyu? Ana watoto, ana deni dukani, amekaa bure wiki tano au sita. Vidonge alivyopewa ni vya wiki mbili, na dago ni la wiki sita. Akiondoka navyo vitamwishia njiani, na huko aendako, ikiwa ni Tanga, au Mafia, au pwani ya Kenya, hajui aingie mlango gani wala aseme nini. Basi huviacha kwenye kikuti cha paa, akenda zake. Wavuvi wa Kojani wajulikana pwani nzima kwa safari zao, na fahari yao hiyo ni ya haki. Lakini chombo kinachobeba samaki chaweza pia kubeba kikohozi, na wanaolala bega kwa bega chini ya tanga moja huvuta hewa moja. Mchumaji wa karafuu naye hana salama zaidi. Kambi ya shamba ni kibanda cha makuti ambamo hulala watu wanane au kumi, mlango umezibwa kwa gunia kwa ajili ya baridi na mbu, na kituo cha afya kiko mbali kwa mwendo wa saa nzima, saa ambazo mwenye shamba amezihesabu kwa pishi.

Yanayofuata baada ya dozi kukatwa ni mabaya kuliko ugonjwa wa kwanza. Vijidudu vilivyoonja dawa na visife hujifunza kuishi nayo. Mgonjwa akirudi hospitali, vile vidonge vya bure havimfai tena. Na akimwambukiza mwanawe, mwanawe huanza na ugonjwa sugu tangu siku ya kwanza. Hospitali ya Kibong'oto kule Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, ilianza kuwatibu wagonjwa wa aina hiyo sugu mwaka 2009. Dawa zao katika miaka ile zilikwenda mpaka miezi 20 na zaidi, pamoja na sindano ambazo ziliwapotezea baadhi yao masikio. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limependekeza dawa za vidonge tupu kwa miezi sita kwa wengi wa wagonjwa hao, na hiyo ni rehema kubwa. Hata hivyo dawa hizo ni ghali na zina madhara yanayotaka daktari wa karibu. Nani apendaye kufika huko, hali alikuwa na njia nyepesi ya bure mlangoni pake?

Lipo jambo moja ambalo twaona halisemwi vya kutosha katika skuli zetu wala katika mikutano ya matawi. Hii dozi ya miezi sita si kitu tulicholetewa kutoka ng'ambo kama mwanasesere. Kabla ya miaka ya 1970 matibabu yalichukua mwaka mmoja, aghalabu mwaka mmoja na nusu. Mnamo mwaka 1970 ulianza utafiti mkubwa wa madaktari wa Afrika Mashariki wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, na wagonjwa waliokubali kujaribiwa walikuwa watu wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Wao ndio waliouonyesha ulimwengu, majibu yalipoanza kutoka mwaka 1972, kwamba dawa yenye rifampisini ikimezwa barabara kwa miezi sita yatosha. Majina yao hayamo vitabuni. Lakini mgonjwa wa Lima, wa Bombay na wa London anayepona leo kwa nusu mwaka, amepona kwa subira ya watu wetu.

Na si hivyo tu. Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma, ikisaidiwa na jumuiya ya kimataifa ya kupiga vita kifua kikuu, na mshauri wake mkubwa alikuwa Dokta Karel Styblo, mtu wa Chekoslovakia. Huyu alifungwa na Wanazi katika kambi ya Mauthausen wakati wa Vita vya Pili, na huko huko akaupata ugonjwa huu. Alijua maana ya kukohoa damu bila ya dawa. Yeye na wenziwe wa Tanzania walijenga utaratibu ulio mwepesi kueleza na mgumu kutekeleza: kila mgonjwa apimwe makohozi, aandikwe katika daftari la wilaya, atazamwe akimeza dawa, na mwishoni daftari liseme kama amepona, amekufa, au amepotea. Daftari lile ndilo lililoshinda. Shirika la Afya Duniani, baada ya kutangaza mwaka 1993 kwamba kifua kikuu ni dharura ya dunia nzima, liliuchukua utaratibu huo likauhimiza kila pembe ya ulimwengu. Basi nchi hii ndiyo iliyokuwa skuli ya wengine, na ni aibu mwalimu kushindwa kusoma ubao alioandika mwenyewe.

Wako wasemao kwamba kumtazama mtu mzima akimeza kidonge ni kumdhalilisha. Hoja hii haikosi ukweli, hasa pale anayetazama anapokuwa mkali au anapotangaza siri za watu. Lakini dawa ya neno hili si kumwacha mgonjwa peke yake. Ni kumpa mtazamaji amtakaye mwenyewe. Mke, ndugu, jirani, mwalimu wa chuo, nahodha wa chombo, yeyote mwenye kuaminika. Ikiwa mgonjwa ni mvuvi, kwa nini nahodha asifundishwe? Nahodha ndiye ahesabuye maji, ndiye ahesabuye unga. Akihesabu na vidonge hapungukiwi na kitu. Na kwa nini kituo cha afya kisimpe mgonjwa vidonge vya safari nzima pamoja na karatasi ya uhamisho, yenye jina la dawa, tarehe aliyoanza na namba yake ya daftari, ili akifika Tanga au Mombasa asianze upya kama mtu asiyejulikana? Karatasi ya uhamisho si jambo geni katika kazi hii. Ugeni ni kukumbuka kumuuliza mgonjwa siku ya kwanza: wewe kazi yako ni ipi, na msimu ujao utakuwa wapi?

Tuje sasa kwenye haya, kwani haya imewaua wengi pasipo kijidudu kuongezewa nguvu yoyote. Nyumba nyingi za Pemba hula sinia moja. Mtu akijulikana ana kifua kikuu, jambo la kwanza afanyiwalo ni kutengewa sahani yake, kikombe chake na kijiko chake, na watoto huambiwa wasimkaribie wakati wa chakula. Halafu usiku huo huo hulazwa katika chumba kile kile na watoto wale wale, na dirisha hufungwa ili asipigwe na upepo. Mambo yamegeuzwa kichwa chini! Sahani haiambukizi kifua kikuu, wala kikombe, wala mkono wa salamu. Kinachoambukiza ni hewa iliyosimama. Basi sinia na lirudi mahali pake na dirisha lifunguliwe. Mgonjwa azibe mdomo akohoapo, alale peke yake penye upepo kwa wiki za mwanzo ikiwezekana, na akishameza dawa sawasawa kwa kiasi cha wiki mbili, hatari yake kwa wengine huwa imepungua sana. Bibi zetu waliojenga nyumba zenye baraza na madirisha makubwa hawakuwa wajinga. Wajinga ni sisi tunaoziba matundu kwa mapazia ya dukani.

Haya nyingine ni ile ya kudhaniwa kuwa mgonjwa ana UKIMWI. Kweli, maradhi hayo mawili hufuatana, na kila mgonjwa wa kifua kikuu apaswa kupimwa virusi. Lakini Zanzibar kiwango cha virusi hivyo kwa watu wazima kiko chini ya asilimia moja. Wagonjwa wetu walio wengi hawanavyo. Mwenye kukohoa aliyejificha chumbani kwa kuogopa maneno ya jirani, huyo hukifanyia kijidudu kazi ya bure. Tena wako waliokimbia dawa kwa sababu mkojo wao uligeuka rangi ya chungwa, wakadhani ni damu au ni uchawi. Rifampisini ndiyo ifanyayo hivyo, hata machozi na jasho huigeuza rangi, na haina dhara. Neno moja la mwuguzi siku ya kwanza lingeokoa safari nyingi za kwenda kwa mganga.

Na kwa kuwa tumemtaja mganga, tuseme wazi. Pemba ina sifa ya waganga mpaka nje ya mipaka yake, na mtu anayekohoa damu mara nyingi huanza huko kabla ya kuanza hospitali. Kuwatukana waganga magazetini ni kazi rahisi na haijamponya mtu hata mmoja. Tanzania Bara imekwisha kuwashirikisha waganga wa kienyeji na wenye maduka ya dawa katika kuwatambua watu wenye dalili na kuwapeleka kupimwa, na twaona ni njia ya busara. Mganga amfanyie mteja wake anayoyajua. Lakini kikohozi kikizidi wiki mbili, au ikionekana homa ya jioni, jasho la usiku, kukonda au damu, amwambie na makohozi yake yaende hospitali. Mwenye duka la dawa naye aache kumuuzia mtu chupa ya tatu ya dawa ya kikohozi bila ya kumuuliza ameanza kukohoa lini.

Vyombo vya kupimia navyo vimebadilika. Zamani mtaalamu aliinamia darubini na kutafuta kijidudu kwa jicho, na wengi walimponyoka. Mwishoni mwa mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani liliikubali mashine iitwayo GeneXpert, ambayo kwa muda wa kama saa mbili hutambua kijidudu na pia husema kama kimekuwa sugu kwa rifampisini. Kule Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO limewafunza panya buku kunusa makohozi na kugundua yaliyompita mpimaji. Jambo la kuchekesha ukilisikia, na la heshima ukiliona. Kisiwa chetu nacho si kisiwa cha kungoja elimu itoke kwengine: Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, iliyofunguliwa Wawi, Chake Chake, mwaka 2000, imewavuta wataalamu wa nchi nyingi kuja kujifunza habari za minyoo na kichocho hapa hapa Pemba. Lakini mashine haimfuati mtu kijijini. Makohozi ya mtu wa Fundo au wa Kojani lazima yavuke maji ndipo yafike kwenye mashine, na mtungi ukichelewa juani majibu huharibika. Haja yetu kubwa ni pikipiki, mashua na petroli.

Watoto wasisahauliwe. Chanjo ya BCG, iliyotolewa kwa mwanaadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921 baada ya kazi ya Calmette na Guérin wa Ufaransa, huwakinga watoto wachanga na aina kali za ugonjwa, ule wa ubongo na ule unaoenea mwili mzima. Haimkingi mtu mzima kwa uhakika, wala kovu la bega si hirizi. Kwa hiyo, mgonjwa mmoja akipatikana katika nyumba ya Jadida, kazi haijaisha kwa kumpa yeye dawa. Wote waishio naye yafaa wachunguzwe, na wale wasio wagonjwa lakini walio katika hatari, hasa watoto walio chini ya miaka mitano, wapewe dawa ya kinga. Siku hizi iko kinga ya kumezwa mara moja kwa wiki, mara 12 tu. Wahudumu wa kujitolea wa afya ya jamii, wanaoingia majumbani mwetu kwa ajili ya mama na watoto, ndio macho yaliyo karibu zaidi. Swali la kikohozi lisikosekane katika maswali yao, na jasho lao lilipwe.

Hapa twafika kwenye fedha, na hapa twaomba viongozi watuvumilie. Mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu duniani, na watu milioni 1.25 wakafa, kikarudi kuwa maradhi ya kuambukiza yanayoua kushinda mengine yote yaletwayo na kijidudu kimoja. Orodha ya Shirika la Afya Duniani ya miaka ya 2021 hadi 2025 iliitia Tanzania katika nchi 30 zenye mzigo mkubwa, ijapokuwa kwa haki yafaa isemwe kwamba kiwango cha wagonjwa wapya nchini kilipungua kwa zaidi ya thuluthi moja baina ya mwaka 2015 na 2023. Mataifa yaliahidi kwamba ifikapo mwaka 2030 vifo vitakuwa vimepunguzwa kwa asilimia 90 kutoka vilivyokuwa mwaka 2015. Mnamo Septemba 2023, New York, wakuu wa nchi walikubali kwamba dola bilioni 22 kwa mwaka zipatikane ifikapo 2027. Mwaka huo huo zilizopatikana hazikufika hata bilioni sita.

Kisha ukaja Januari 2025. Serikali ya Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote katika vita hivi, ilisimamisha misaada yake ya nje kwa amri moja, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika lake la USAID likafungwa. Katika nchi nyingi wahudumu waliachishwa kazi, maabara zikapungukiwa na mahitaji, na madaftari yakabaki bila ya mwandishi. Hatumlaumu mwenye mfuko kwa kuufunga mfuko wake. Mali ni yake. Lakini twajiuliza, taifa lililoimba kujitegemea tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikubali vipi mshahara wa mtu anayemtazama mgonjwa wa Wete akimeza kidonge uamuliwe na bunge la nchi nyingine?

Wazanzibari wana somo lao karibu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 ulifanyika hapa mpango mkubwa wa kuitokomeza malaria kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani. Nyumba zilipulizwa dawa, damu za watu zikapimwa, na malaria ikashuka sana. Mwaka 1968 mpango ulisimamishwa. Mbu hawakusimamishwa. Katika miaka michache malaria ilikuwa imerudi tele, na watoto wakazikwa. Ilichukua miaka mingi kuanza tena; tangu mwaka 2008 hivi malaria Zanzibar imeshushwa chini ya asilimia moja, na kila mwenye kumbukumbu ajua kwamba haikai huko ila kwa kazi ya kila siku. Kifua kikuu ni mtihani mgumu zaidi, kwa sababu hakina mbu wa kupulizia dawa. Chaishi ndani ya watu, na watu wana misimu, madeni na safari.

Kila mwaka tarehe 24 Machi husomwa hotuba na kugawiwa fulana. Hatuna ugomvi na fulana. Lakini mwanachama wa tawi la Jadida ambaye angependa kufanya jambo mwaka huu, yako mepesi kuliko maandamano: mwenye shamba aandike katika masharti ya kambi yake kwamba mchumaji mwenye dozi hataondolewa, na kwamba ataachwa siku ya kituo aende na arudi bila ya kukatwa ujira wake, wenye vyombo wakubaliane kwamba hakuna baharia anayeanza safari bila ya kuulizwa kama ana vidonge, kama anavyoulizwa habari ya kamba na nanga, mwajiri wa Serikali au wa duka asimfukuze mtu kwa cheti cha hospitali, kwani afukuzwaye huwafundisha wenziwe kujificha. Sheha naye, bila ya kutaja jina la mtu mkutanoni, aweza kwenda kituoni mara moja kwa mwezi kuuliza daftari lasemaje: wangapi walianza, wangapi wapo, wangapi hawajulikani walipo.

Na kwa waheshimiwa wa Baraza la Wawakilishi, watakaokaa tena kuizungumza bajeti ya afya, ombi letu ni dogo na linahesabika. Iwekwe kasma yake peke yake, kwa fedha za Zanzibar, ya kusafirisha makohozi, kuwafuata wagonjwa waliopotea, na kuwalipa nauli wale wanaotoka visiwa vidogo kama Fundo na Kojani kuja kuchukua dawa. Isifichwe ndani ya jumla ya matumizi mengine. Ikiandikwa kwa jina lake, sheha wa Jadida na mwenzake wa Fundo wataweza kuuliza, mwezi wa Desemba, imetumika wapi.